Nyama ya Ijumaa

Ijumaa, tarehe 9 Novemba 1951. Mvua ya vuli inanyesha tangu alfajiri, ndogo ndogo, na mlima hauonekani. Ng'ombe wa fundi amevunjika mguu.

Hayo ndiyo maneno yote niliyoandika siku ile. Daftari ninalo bado, ila wino umefifia. Sijui kwa nini nilianza na mvua kabla ya ng'ombe, wakati ng'ombe ndiye aliyekuwa akinililia mbele ya macho. Labda ni kwa sababu mwalimu wetu wa misheni alitufundisha kwamba barua huanza na habari ya hali ya hewa, nami niliacha shule baada ya darasa la pili, nikabaki na hilo.

Fundi alikuwa mshonaji wa Majengo, mtaa wa mjini chini ya mlima, Mwislamu, mkubwa kwa umri kuliko mume wangu, aliyepanga vyumba viwili na mwenye cherehani moja. Alikuwa na binti mjane aliyerudi nyumbani, na nia yake ilikuwa kumnunulia binti huyo cherehani ya pili ili wakae wote wawili barazani washone. Fedha aliyoipata aliogopa kuiweka ndani, maana alisema fedha ya chumba cha kupanga husikia kila mtu akibisha hodi. Basi akanunua ng'ombe, na kwa kuwa hakuwa na zizi, akamweka kwetu.

Kuweka ng'ombe ni jambo la kawaida mlimani. Anayefuga hukata majani, hutunza zizi, hupata maziwa na mbolea. Ndama wa kwanza ni wa mwenye mali, wa pili ni wa mfugaji, na kuendelea hivyo kwa zamu. Ng'ombe akifa, mfugaji hadaiwi kitu, ila lazima apeleke ngozi na mguu mzima wa nyama kwa mwenye mali, ili yule aone kwa macho kwamba ng'ombe wake hakuliwa kwa ujanja. Ndama wa kwanza alikuwa dume, tukamuuza na fedha tukaipeleka Majengo. Wa pili alikuwa jike, naye ni wetu. Siku ile alikuwa mtamba mwenye mimba yake ya kwanza, amefungwa upande wa pili wa zizi, akimtazama mama yake aliyelala kwenye tope la samadi na mguu wa nyuma umepinda.

Lazima niseme mtamba yule alikuwa nini kwetu. Nilikuwa na watoto wanne na mama mkwe. Bila ng'ombe hakuna maziwa, na bila samadi migomba huanza kutoa mikungu myembamba kama vidole vya mgonjwa. Kahawa ilikuwa fedha ya mume wangu, ndizi zilikuwa fedha yangu, na vyote viwili vilikula samadi. Ng'ombe wa fundi akiondoka, mtamba ndiye aliyebaki.

Nimeandika fedha ya mume wangu na fedha yangu, lakini si haki niiache hivyo. Zamani ilikuwa hivyo kweli, na kwa majirani wengi ilikuwa bado hivyo. Mwanamume hakuonyesha fedha ya kahawa, wala mwanamke hakuonyesha ya sokoni. Kwetu ilibadilika baada ya mahubiri ya Kwaresima moja, padri aliposema kwamba mali ya nyumba ni ya Mungu na mume na mke ni mawakili wake, na mawakili wawili wa tajiri mmoja hawafichani hesabu. Ningependa kusema ni mimi niliyeyashika maneno hayo. Sivyo. Mimi nilikuwa nikimwangalia mtoto asianguke kwenye benchi. Ni mume wangu aliyerudi nyumbani akamwaga fedha yake juu ya kigoda akasema, "Mama watoto, lete na zako."

Tangu hapo tulikuwa tunakaa Jumamosi alasiri, tunagawa, tunafunga kila fungu ndani ya ganda kavu la mgomba. Fundo la kanisa lilifungwa kwanza, kabla macho hayajazoea fedha. Kisha fundo la kodi, la ada ya shule, la chumvi na mafuta ya taa. La bati lilikuwa kubwa kuliko yote, maana kahawa ilikuwa na bei nzuri mwaka ule na nyumba za bati zilikuwa zinaota kama uyoga, nasi bado tulikuwa chini ya nyasi. Na la mwisho halikuwa na jina. Tuliliita lisilo na kazi. Lilikuwa kwa ajili ya jambo ambalo Mungu angelileta bila kutuuliza. Sharti lilikuwa moja, hakuna fundo linalofunguliwa hadi tumekaa wote wawili.

Mama mkwe alikuwa akilicheka fundo hilo. "Fedha isiyo na kazi," alisema, "itajitafutia kazi yenyewe, na haitawauliza."

Sasa nirudi kwenye Ijumaa. Maji ya mvua yalikuwa yameingia zizini, sakafu ikateleza. Mume wangu alipoona mfupa, alikwenda kumwita kaka yake mkubwa, shemeji yangu, ambaye kihamba chake, shamba la urithi la migomba na kahawa, kinapakana na chetu. Shemeji alikuja na vijana wa jirani na miti ya kubebea. Aliinama, akamshika ng'ombe shingoni, akasema, "Huyu hafiki jioni. Achinjwe sasa hivi damu ikiwa bado mbichi."

Alikuwa sahihi. Mfupa ulikuwa nje. Walimchinja wenyewe, kwa upesi, kama inavyofanywa kila mahali mlimani, na mimi nilishikilia beseni. Hakuna aliyefanya vibaya. Nimelifikiria hilo mara nyingi na bado naliona hivyo.

Lakini ilikuwa Ijumaa. Sisi Wakatoliki hatukula nyama Ijumaa. Siku nyingine, nyama ya namna ile isingefika ndani. Wanaume wangekoka moto palepale migombani, ini na mbavu vingekwisha kabla ngozi haijatandazwa, na kila aliyeshika mguu wa ng'ombe angeondoka na kipande chake kwenye jani. Siku ile nyama ilitundikwa yote, nzima, chini ya kibanda, na watu wazima wakakaa wanaitazama huku mvua inawadondokea mgongoni.

"Hii ni adhabu," kijana mmoja alisema. "Kuinusa nayo ni dhambi, jamani?"

"Kuinusa si dhambi," shemeji akamjibu. "Dhambi ni kumeza mate."

Mume wangu akaanza kuufunga mguu wa nyuma kwa majani ya mgomba, ndio ule wa kupeleka Majengo pamoja na ngozi. Nilikuwa namshikia kamba. Sijui ni nini kilinifanya niulize. Nadhani ni kwa sababu sote tulikuwa tumekaa bila kula, na jambo la nani anakula nini lilikuwa limekaa karibu.

Nikasema, "Huyo fundi, atakula?"

Mume wangu aliacha kufunga. Shemeji alicheka kidogo. Barabarani kwenye maduka, mwendo mfupi tu kushuka, alikuwapo mchinjaji Mwislamu aliyemchinjia kila mtu. Ingetosha kumtuma kijana mmoja akimbie. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemkumbuka. Tuliikumbuka desturi yetu yote mpaka mguu wa ushahidi, tukamsahau mtu wa kupelekewa.

"Atauza kwa Wakristo wa huko," shemeji akasema. "Majengo si Maka."

"Nyama ambayo haigusi, aiuze vipi?" mume wangu akauliza.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anamenya ndizi. "Basi leo sote tuko sawa naye," akasema. "Sisi mpaka kesho, yeye mpaka mwisho wa dunia."

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini mume wangu alinitazama, nikajua tunawaza jambo moja. Kwa desturi hatukudaiwa. Ngozi tunayo, mguu tunao, mashahidi tunao. Lakini desturi ilikuwa inamrudishia mwenye mali angalau nyama, na sisi tulikuwa tumeifanya isiwe nyama kwake. Iliyobaki ingekuwa karamu yetu kwa mali ya mtu mwingine. Nilimnong'oneza, "Inunuliwe." Nikaona haya palepale, maana nyama ya ajali haiuzwi kwa watu waliokuja kusaidia, na mimi ndiye ningeitwa mchoyo kisimani.

Aliyesema kwa sauti ni mume wangu, wala hakusema ni mawazo ya mke. Alisimama akawaambia, "Ndugu zangu, nyama hii si yangu. Kesho asubuhi anayetaka kipande atoe bei ya bucha, na fedha itakwenda kwa mwenyewe. Hata mimi nitanunua changu."

Shemeji aliinuka. "Tangu lini? Nimebeba miti kwenye mvua. Kidari ni cha kaka mkubwa tangu babu. Nikinunue?"

"Kidari cha ng'ombe wangu ni chako, kaka. Huyu si wangu."

"Unawafundisha watoto kwamba ukisaidia jirani unalipa."

Hilo lilituingia, na lilikuwa na ukweli ndani yake. Shemeji aliondoka bila kuaga, na usiku ule nililala vibaya, nikijiuliza kama tunamheshimu Mungu au tunajiheshimu wenyewe.

Jumamosi kulipopambazuka mvua ilikuwa imekatika. Nilidhani hawatakuja. Walikuja. Kama ingekuwa mwaka mwingine wasingeweza, lakini kahawa ilikuwa imelipwa na watu walikuwa na fedha kidogo mikononi. Wengine walinunua kwa moyo, wengine kwa kunung'unika, mjane mmoja alileta senti na mkungu wa ndizi nikaupokea. Shemeji alikuja wa mwisho. Alikichukua kidari, akaweka shilingi zake juu ya jiwe, si mkononi mwa ndugu yake, akaenda. Alilipa zaidi ya bei. Naandika hivyo kwa sababu wengine walisema baadaye kwamba alilipa pungufu, na si kweli. Hakuja kunywa mbege kwetu hadi Krismasi, na hilo nalo ni kweli.

Tulishuka mjini kwa miguu, mume wangu na ngozi iliyopakwa majivu begani, mimi na fedha ya nyama kiunoni, maana hata mguu wa ushahidi tulikuwa tumeuuza. Katika pindo la kanga nilikuwa nimefunga pia fundo lisilo na kazi. Sikuwa na mpango nalo. Nililichukua kama mtu anavyochukua fimbo.

Tulipofika Rau, kabla ya kuingia mjini, chini ya miti, mume wangu alisema, "Mtamba ni wetu."

"Ni wetu," nikasema.

Tukaenda kitambo.

"Kwa makubaliano ni wetu," akasema tena, na safari hii sikujibu, kwa sababu nilisikia kwamba hasemi na mimi.

Kwa fundi walitukaribisha barazani. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, na kabla hatujakaa aliiona ngozi. Akaweka mkasi chini. Mume wangu alimwamkia, akaitandaza, akaeleza yote, mvua, mfupa, kisu. Hakuruka mahali. Alipofika kwenye mchinjaji wa barabarani ambaye hatukumwita, sauti yake ilipungua, lakini alisema.

Mke wa fundi, mama mnene mwenye macho ya utani, alikuwa ameleta chai. Akasema, "Na hamkukumbuka kwamba sisi ni Waislamu, miaka yote hii? Na kila mkija hapa namwona huyu bwana anavyokodolea macho msikiti."

"Tulikumbuka ilipokuwa inaning'inia, dada," nikamwambia.

"Afadhali. Mngekumbuka ikiwa tumboni."

Niliweka fedha ya nyama juu ya meza ya cherehani. Hapo ndipo mume wangu aliposema jambo ambalo hatukuwa tumekubaliana, ingawa tulikuwa tumetembea nalo njiani. Alisema, "Mzee, fedha hii haifikii ng'ombe. Nyumbani yupo mtamba mwenye mimba. Ni wangu kwa zamu. Mchukue."

Nitaandika kama ilivyokuwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaza hivyo hivyo tangu Rau, na niliposikia likisemwa, nililichukia. Niliona zizi tupu. Niliona mtoto wangu mdogo na kikombe chake. Nilitazama chini nikaomba, na sikuomba tupate ujasiri wa kutoa, niliomba fundi akatae.

Fundi aliigusa ngozi kwa vidole kana kwamba ni kitambaa cha mteja. "Kwenu," akasema, "ng'ombe akifa mfugaji anadaiwa nini?"

"Ngozi na mguu."

"Na kwetu, amana ikipotea bila uzembe, aliyeitunza hadaiwi. Sasa sheria zote mbili zinasema sikudai. Wewe unataka nikudai kwa sheria ya nani?"

"Nyama uliikosa kwa kusahau kwetu."

"Basi nyama nimelipwa, fedha hii hapa. Mtamba rudi naye, yaani mwache huko aliko. Nimuweke wapi hapa, chini ya kitanda?"

Nilipumua. Naamini mke wake alinisikia, maana aliniongezea chai.

Fundi aliitazama ile fedha. "Tatizo ni hili. Nusu ya cherehani haishoni. Nikiiweka ndani italiwa na mwezi wa Desemba." Akamgeukia mkewe. "Unasemaje?"

"Nusu ya cherehani haishoni," mkewe akasema, "lakini nusu ya ng'ombe inakamuliwa, mradi iwe nusu ya nyuma."

Tulicheka sote, hata binti mjane ndani tulimsikia. Kicheko kilipoisha fundi akasema pole pole, "Si mzaha lakini. Iko nusu ya pili?"

Mume wangu alinitazama. Sharti letu lilikuwa kukaa wote wawili, nasi tulikuwa tumekaa, ingawa ni kwenye benchi la watu wengine. Nililifungua pindo la kanga, nikalitoa lile ganda la mgomba. Nililifungua pole pole, maana fedha ile ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuguswa na nilikuwa nimeanza kuipenda kwa kukaa kwake tu. Ikawekwa juu ya ile ya nyama. Ilikaribia bei ya ndama jike aliyeachishwa maziwa, na pungufu kidogo lililobaki fundi alisema atalimaliza kwa kushona. Ng'ombe awe wa nyumba mbili, nusu kwa nusu, alale kwetu. Na ikitokea ajali, mke wa fundi akasema, aitwe kwanza mchinjaji, ndipo aitwe kaka mkubwa.

Wakatupa fedha yote turudi nayo mlimani tukanunue. Hilo ndilo lililonishinda hata leo. Mtu aliyepoteza ng'ombe mkononi mwetu jana, anatupa fedha ya ng'ombe leo, bila karatasi, mbele ya mkewe, na mkewe anatufungia mkate wa kumimina wa watoto. Nilikuwa nimefundishwa kumshukuru Mungu kwa mvua na kwa afya. Njiani nilimshukuru kwa kuaminiwa, na nikaona sijui maneno yake, nikasema tu asante mpaka tulipoanza kupanda.

Sisemi kwamba tulilipwa kwa wema wetu. Mtamba alizaa salama, yule mwingine alikua, cherehani ya pili ilinunuliwa ingawa ilichelewa, na sisi tulibaki chini ya nyasi muda mrefu kuliko majirani. Pengine shemeji angesema tungeweza kula nyama kwa amani na bado mambo yakaenda vivyo hivyo. Najua tu kwamba tangu siku ile fundo lisilo na kazi tulilifunga la pili baada ya la kanisa, na mama mkwe hakulicheka tena. Nilipomweleza, alisema, "Si niliwaambia litajitafutia?"

Tulifika nyumbani jua limeshuka, mlima umejifunua wote, theluji na yote. Mama mkwe alikuwa ameshapika. Alikuwa ametengeneza kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, na juu yake kipande cha ubavu tulichonunua kwa bei ya bucha, kimekatwa vidogo vidogo ili kila mtu apate. Maziwa hayakuwapo. Watoto walikula mkate wa Majengo mwisho, na mdogo akaomba kikombe, akapewa maji.